Injinia Shimba na Roshani ya Kwaya

Watu wa usharika wetu, nje kidogo ya mji wa Mwanza ukishika barabara ya Shinyanga, wanamwita Nathaniel Shimba injinia, lakini ukiwauliza anafanya kazi gani hasa, hawana jibu. Injinia wanayemjua wao huvaa kofia ngumu na kugombeza mafundi. Huyu anashinda chumbani, juu ya duka la mabati pale Buhongwa, feni ikimzungukia kichwani, akitazama kwenye kompyuta picha ya kitu ambacho bado hakijavunjika. Kazi yake ni kujua kitavunjikia wapi.

Alizaliwa Usagara, kwa watu wa ng'ombe. Baba yake alimsomesha akitumaini atarudi kuwa bwana mifugo. Yeye akaenda Dar es Salaam kusomea majengo, akarudi na elimu ambayo nyumbani hakuna aliyeiomba. Ameshakagua miguu ya tangi la maji lililosimamishwa juu ya majabali, sakafu ya kiwanda cha samaki iliyokuwa ikitetemeka kila mashine za barafu zikiwashwa, na mbavu za boti ya chuma iliyoundwa kwa safari za Nansio. Tangi limesimama, sakafu imetulia, boti inaelea. Kwa hiyo hakuna anayemkumbuka.

Mkewe, Kokushubira, ni rafiki yangu na tunaimba sauti moja kwenye kwaya, bega kwa bega. Siku moja tukirudi mazoezini aliniambia, "Daktari akikuponya unampelekea kuku. Mume wangu akikuponya, unasema hukuwa mgonjwa."

Mimi pia nilikuwa sijui anachofanya, mpaka jioni moja nikiwa kwao, tukinywa chai, nikamwuliza. Alifurahi kuulizwa, nikaona haya kwamba sikuuliza miaka yote.

"Shemeji," akasema, "nani anaujua mji wa Mwanza wote, nyumba kwa nyumba?"

"Hakuna."

"Hata mkuu wa mkoa hajui. Lakini balozi wa nyumba kumi anazijua zake, na anajua mpaka wake na balozi mwenzake uko wapi. Ukiwaita mabalozi wote siku moja, kila mmoja akasema kweli juu ya nyumba zake na juu ya mpaka wake, umeujua mji."

Ndivyo anavyofanya na zege au chuma. Kipande kizima ni kikubwa, umbo lake limekaa vibaya, hakuna hesabu inayoweza kukimeza kwa mara moja. Kwa hiyo ndani ya kompyuta anakikata vipande vidogo vidogo, maelfu, na kila kimoja kinashikana na jirani zake kwenye pembe. Kinacholemewa kinampa jirani mzigo kupitia pembe hizo, na jirani naye anampa mwingine. Kompyuta inavihoji vyote pamoja, mpaka majibu yao yakubaliane. Mwisho inachora picha yenye rangi: buluu pale kipande kilipotulia, nyekundu pale kinapoumia.

"Na balozi mmoja akidanganya?" nikamwuliza.

"Hapo ndipo ninapopatia vidonda vya tumbo," akajibu. "Ukiidanganya kompyuta, nayo itakudanganya, tena kwa rangi nzuri sana."

Kanisa letu jipya tulilijenga kwa michango na kwa msaragambo. Jumamosi usharika mzima unatoka, wanaume na sururu, wanawake na karai, watoto na vidumu vya maji. Katika ramani, roshani ya kwaya, ile iliyo juu ya mlango mkuu, ilikuwa imebebwa mbele na nguzo mbili. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Rweyemamu, alipoziona nguzo zinaanza kuota kutoka chini hakuzipenda. Huyu ni mtu mkarimu, mstaafu wa ushirika wa kahawa kule Kagera, na sehemu kubwa ya mabati ya kanisa ni yake. Alisema nguzo zitawaficha madhabahu watu wa nyuma, na bibi harusi mwenye gauni pana atapita wapi? Fundi akaambiwa azikate. Akaongeza nondo, akaongeza unene, roshani ikabaki imeshikwa na ukuta wa nyuma peke yake, kama rafu ya vyombo.

Siku ya kumwaga zege, Nathaniel alikuwa Nansio kwenye boti yake. Na siku hiyo ilikuwa ya furaha. Kina mama walipanda ngazi na karai za zege kichwani, wimbo juu, mguu kwa mguu, wakitembea juu ya nondo zilizotandazwa kama mkeka. Hakuna aliyewaambia wapite pembeni. Nani angewaambia? Walikuwa wanamjengea Mungu, tena bure.

Nathaniel aliporudi alisimama mlangoni akitazama juu muda mrefu. Kisha akatafuta fundi, akamwuliza nondo za juu zilishikiliwa na nini zisishuke wakati watu wanapita. Fundi akasema zilifungwa vizuri. Akamwuliza tena, zilifungwa kwa kitu gani? Fundi akasema, "Injinia, zege limeshamwagwa."

Alikaa na kompyuta yake wiki hiyo nzima bila kutumwa na mtu. Alipomaliza, akaomba kuiona kamati. Nami nilikuwepo, kwa kuwa ni katibu wa kwaya.

"Shikamoo mzee," alimwambia mwenyekiti.

"Marahaba, injinia. Haya, tuonyeshe sinema yako."

Akafungua kompyuta juu ya meza. Roshani yetu ilikuwa pale, imekatwa vipande kama chapati ya biashara, karibu yote buluu. Akaanza na habari njema, na hapo alikosea, ingawa ni kosa la mtu mwaminifu. Alisema, "Kwa uzito wa watu waliokaa au waliosimama wametulia, inabeba."

"Amina!" Mzee Rweyemamu akapiga meza. "Si nilisema? Mungu ni mwema."

"Sijamaliza, mzee."

"Endelea, mwanangu, endelea." Lakini wajumbe wawili walikuwa wameshaanza kuvaa koti.

Akaeleza kwamba kila kitu kilichoshikwa upande mmoja kina mwendo wake wa kupanda na kushuka, ukikigusa kinacheza kwa mwendo huo tu. Kwamba alipokwenda mazoezini alipima mwendo wa ule wimbo wetu mkubwa, ambao wote tunakanyaga mguu kwa pamoja, na ukaoana na mwendo wa roshani. "Ni kama mtoto kwenye bembea," akasema. "Humsukumi kwa nguvu. Unamsukuma kwa wakati wake, anakwenda juu mwenyewe." Akabonyeza kitu na roshani kwenye picha ikaanza kupepea kama sikio la ng'ombe, na kwenye mzizi wake, pale inapoingia ukutani, rangi ikageuka njano, kisha nyekundu. "Hapa ndipo nondo za juu zinafanya kazi. Kama zilikanyagwa zikazama, na sijui kama zilizama, wekundu huu ni mkubwa kuliko unavyouona."

Mwalimu wa kwaya, Josephat Ngosha, alikuwa ameegemea dirisha. "Kwa hiyo unataka kwaya yangu isimame kama foleni ya bombani?"

Watu wakacheka.

"Mcheze chini, mwalimu. Mbele ya madhabahu."

"Chini siku ya kuwekwa wakfu kuna askofu, kuna maua, kuna wazee. Nathaniel, wewe Msukuma. Babu zako walilima wakicheza. Leo mjukuu wao unakataza mguu?"

"Babu zangu walicheza juu ya ardhi. Ardhi haijaning'inizwa ukutani."

Hapo wachache walicheka upande wake, nikadhani tumefika. Lakini Mzee Rweyemamu aliinua mkono. "Mwanangu, mimi sikusoma hizo rangi. Nipe jibu moja. Roshani itaanguka au haitaanguka?"

"Siwezi kusema itaanguka siku gani."

"Sikukuuliza siku."

"Mzee, nasema haifai kuchezewa. Inaweza kuvumilia mara nyingi. Kila mara inaumia kidogo mahali pale pale. Rudisheni zile nguzo mbili, nami nitanyamaza."

"Basi hujui."

"Najua kwamba…"

"Hujui. Tufunge kwa sala."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo ambalo hakulitoa. Neno moja lilikuwa mbele yake, "itaanguka," na angelitamka, nguzo zingesimama kabla ya mwezi kwisha. Kokushubira alimwambia hivyo usiku uleule, na kesho yake akanisimulia, bado ana hasira.

"Nilimwambia, ungesema tu inaanguka! Akasema atakuwa amedanganya. Nikamwambia ungedanganya, watu wakawa salama. Unajua alinijibu nini? Eti, na siku nyingine nikiwaambia kweli? Nikamwambia, baba, leo umewaambia kweli, wamefunga kwa sala!"

Nathaniel alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji alimsikiliza vizuri, akasema jambo hilo ni la kamati. Alirudi kwa Mzee Rweyemamu nyumbani, akapewa ndizi na nyama na hadithi ndefu za bei ya kahawa, akaondoka ameshiba. Mwisho akaja kwetu mazoezini, akiwa na wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Kama hatutaki kuacha kucheza, basi tusikanyage pamoja. Nusu ya kwaya ikishusha mguu, nusu nyingine iwe inainua. Hivyo roshani ingesukumwa na kuzuiwa kwa wakati mmoja, nayo ingetulia. Mwalimu Ngosha, kwa heshima ya Kokushubira, alikubali tujaribu mara moja, chini, uwanjani.

Ilikuwa aibu. Sauti ya kwanza walikwenda kulia, sisi tukaenda kushoto, besi wakasahau wako kundi gani. Odeta, mwimbishaji wetu, alikanyagwa kidole akapiga ukelele katikati ya ubeti wa msalaba. Mtu mmoja wa teno alisema, "Injinia, hii ni kwaya au ni watu wanaogombea boti?" Hata Kokushubira alicheka mpaka akakaa chini. Nathaniel alisimama pale mikono nyuma, akitabasamu kidogo kwa adabu, na mimi nilimwona macho yake hayatabasamu. Mwalimu akampiga begani. "Umejaribu, ndugu yangu."

Siku ya kuwekwa wakfu ilifika. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, magari yamepangwa hadi barabarani. Kwaya ya usharika jirani, iliyoalikwa kuimba, ilikosa mahali pa kukaa chini, ikaambiwa ipande kwetu juu. Nikamtazama Nathaniel. Alikuwa amesimama upande wa nyuma, nje kidogo ya kivuli cha roshani, uso umeinuliwa. Alijaribu kumwita mzee wa zamu. Mzee wa zamu alimwonyesha kwa kidole kiti kilichokuwa wazi.

Wimbo ule uliwekwa baada ya mahubiri. Ubeti wa kwanza tuliimba tumetulia. Kwenye pambio miguu ikaanza, kwaya mbili pamoja, maana wimbo huo kila mtu anaujua. Mwanzoni nilidhani ni magoti yangu. Kisha nikagundua kwamba sakafu inaninyanyua mguu kabla sijaunyanyua mwenyewe. Ni hisia ya ajabu, tena, lazima niseme, ni tamu: unacheza bila kuchoka, kuna kitu chini yako kinacheza nawe. Kokushubira aliacha kucheza. Alinishika mkono.

Chini, mama mzee mmoja wa viti vya nyuma, Mama Selina, aliinua macho. Aliona ukingo wa roshani, na vitambaa vyeupe na kijani tulivyoupambia, vikipanda na kushuka. Akasimama, mikono juu.

"Roho ameshuka! Tazameni, Roho ameshuka!"

Watu wakageuka. Walipoona kweli roshani inapepea, vigelegele vikalipuka kanisa zima. Mwalimu Ngosha, mgongo wake kwao na uso kwetu, alidhani wanashangilia wimbo. Akaonyesha kwa mkono: pambio tena.

Nathaniel alipanda ngazi mbio. Alitokea upande wa kinanda, akapunga mikono yote miwili, akapaza sauti, lakini katika kelele ile nani angemsikia? Mtu wa teno akapiga kelele kwa furaha, "Hata injinia kaguswa!" Wengine wakampungia na wao. Nilimwona anatafuta kitu kwa macho, ukutani, sakafuni. Akainama nyuma ya kinanda, akang'oa waya.

Kinanda kilikatika, spika zikanyamaza. Miguu iliendelea kidogo peke yake, kisha ikapoteana, mmoja huku mwingine kule, na roshani ikatikisika mara chache ovyo ikatulia. Kanisa lote kimya. Sauti yake, ambayo si ya kuimba, ilisikika hadi kwa askofu.

"Shukeni. Polepole. Msitembee pamoja."

Tulishuka. Ibada ilimalizika kwa kitabu cha nyimbo, bila kinanda, na wageni wakala pilau yao wakinong'ona.

Baada ya wageni kuondoka, Nathaniel alipanda na tochi, wajumbe wa kamati nyuma yake, na mimi nyuma yao. Pale sakafu inapokutana na ukuta kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, ukienda upana wote wa roshani.

"Ufa," akasema.

Mzee Rweyemamu aliinama, akaupitisha ukucha. "Rangi imekauka ikaachana. Hata sebuleni kwangu ipo."

"Mzee, umeona kwa macho yako ilivyokuwa."

"Nimeona watu wanamsifu Mungu. Halafu nikaona mtu anamkatiza askofu kwa kung'oa umeme." Hakuwa anafoka. Alikuwa na huzuni ya kweli, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Imeanguka, Nathaniel? Si hii hapa, tumesimama juu yake?"

Na ni kweli, tulikuwa tumesimama juu yake. Angeiacha ianguke, wangemwamini.

Baraza la wazee likakaa. Uamuzi ulikuwa asimame mbele ya usharika aombe radhi kwa kuvuruga ibada. Asipofanya hivyo, atasimamishwa huduma, na mkewe pia atoke kwaya kwa muda. Alisema ataomba radhi, kwa sharti moja: nguzo mbili zirudishwe, na kwaya isipande mpaka zikauke. Walibishana. Mzee Rweyemamu, ambaye alitaka jambo liishe kwa amani, hatimaye akasema nguzo si tatizo, nguzo nzuri za duara hata zinapendezesha, yeye mwenyewe atazilipia.

Kokushubira alikuja kwangu akilia kwa hasira. "Anakwenda kuomba radhi kwa kuwa alikuwa na haki! Mwambie wewe, labda wewe atakusikia."

Nilimpigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Shemeji," akasema, "mimi nataka nguzo. Wao wanataka radhi. Nimeangalia sana, sioni njia nyingine ya kuzipata."

Jumapili hiyo alisimama mbele, shati lake la buluu limepigwa pasi, akasema, "Naomba radhi kwa kukatiza wimbo." Akangoja kidogo, kama mtu mwenye sentensi ya pili mdomoni. Hakuisema. Watu wakaitikia Amina, na Mzee Rweyemamu akamkumbatia, macho yake yamelowa.

Nguzo zilijengwa. Katika kikao cha usharika zilitajwa kwenye orodha ya mapambo, pamoja na saa ya ukutani na mazulia, zawadi ya mwenyekiti. Fundi alichimba msingi wake huku Nathaniel amechuchumaa pembeni, na ni hapo tu nilipomsikia akimgombeza mtu.

Tulirudi juu baada ya Pasaka. Wimbo uleule, miguu ileile. Chini yangu kulikuwa na zege na si kingine, zito, limekufa. Nilichoka kabla ya ubeti wa tatu.

Tulipotoka, Mama Selina alikuwa amemngojea Nathaniel nje, ameshika Biblia yake kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu injinia, nikuulize. Tangu waweke hayo manguzo yao, mbona Roho hashuki tena kama siku ile?"

Nilihisi Kokushubira anavuta pumzi kando yangu, tayari kujibu. Nathaniel alimgusa kiwiko.

"Sijui, mama," akasema.

"Wewe si ulisoma? Waambie wayatoe."

"Nitawaambia."

Mama Selina akatikisa kichwa, hakuridhika, akaenda kumtafuta Mzee Rweyemamu. Mzee alikuwa amesimama na wajumbe wawili karibu na gari lake. Tuliwaona wakimsikiliza, kisha wote wakageuka taratibu, wakatazama ndani kupitia mlango mkuu, kwenye zile nguzo mbili.